Ng'ombe Kumi na Wanne wa Marieta

Ninachoandika hapa hamtakiamini, na mimi sina muda wa kuwabembeleza. Hata mwaka ule nilipovua kamongo mrefu kuliko mtumbwi pale Mwigobero, watu walinicheka mpaka siku walipomla. Basi na nyie chekeni kwanza.

Ni habari za Wambura, mume wa mpwa wangu Marieta. Anachapa barua na kutoa fotokopi hapa Nyasho, Musoma mjini. Kwao ni Mugeta, watu wa ng'ombe, ila yeye amekuwa mchungaji wa karatasi. Mpole kupita kiasi: ukimtukana anakuuliza unataka nakala ngapi. Mimi nakaaga kwenye benchi lake kila siku kumvutia wateja, na kama si mimi lile duka lingeshafungwa zamani.

Mwaka 2004 padri mmoja mzungu alikuwa anarudi kwao, akamwachia Wambura kompyuta, ile ya kioo kizito chenye mgongo kama nundu. Ndani mlikuwa na gemu moja. Jina lake hakuna anayelijua. Ukiliulizia mtandaoni unaulizwa wewe. Ni gemu la safari. Unawapa majina wasafiri wanne, unawatembeza hatua kwa hatua kwenye nchi ya mazimwi, unanunua vitu sokoni. Kila msafiri ana mstari mwekundu wa uhai, ukiisha amekufa. Na gemu linajisevu lenyewe kila hatua, hakuna kurudi nyuma. Maelezo yote Kiingereza kigumu. Mimi niliishia darasa la sita, kwa hiyo ndimi niliyekuwa natafsiri.

Jumapili wakitoka kanisani Wambura na Marieta walikuwaga wanafunga mlango wa duka, wanabanana mbele ya kioo, wanacheza mpaka njaa iwatoe. Wasafiri wakawa Wambura, Marieta na mimi mwenye panga kubwa kuliko wote. Wa nne wakamwita Dorkas, jina walilomwekea mtoto waliyekuwa wanamwomba Mungu. Mtoto hakuja. Dorkas akabaki humo humo ndani na upinde wake.

Sasa, kwenye soko la gemu, pembeni ya mapanga na chupa za dawa ya kuondoa sumu, walikuwa wanauza ng'ombe. Marieta alipowaona alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Waliotengeneza lile gemu waliweka ng'ombe wa kubebea mizigo tu, lakini nani angetuambia? Nikawauliza: panga linazaa? Chupa ya dawa inazaa? Uzeni vyote, nunueni ng'ombe. Mtu wa Mara ambaye angeshauri tofauti ajitokeze nimuone. Wakauza panga langu, wakauza ngao, wakauza dawa zote. Wakapata ng'ombe kumi na wanne. Marieta akawaandika majina kwenye daftari, mmoja mmoja, kwa rangi zao. Halafu tukapiga kambi kwenye majani Jumapili tatu, tunasubiri wazae.

Hawakuzaa. Ya nne tukachoka, tukaswaga kundi kwenda kwenye bonde la matope, na huko nyoka akamuuma Marieta.

Kwenye gemu hilo sumu inakula uhai kila ukipiga hatua. Ukisimama, haili. Tukafungua mizigo kutafuta dawa: hamna hata chupa moja, ng'ombe kumi na wanne wamebeba hewa. Marieta alibakiwa na uhai wa hatua tano, na mganga yuko ng'ambo ya bonde. Marieta mwenyewe akasema tuzime, tusisogee, Jumapili ijayo tutakuwa tumepata akili.

Jumapili hiyo haikufika. Radi ilipiga nguzo ya umeme, kompyuta ikanyamaza. Ikapelekwa Butiama kwa mama yake Marieta, ikakaa stoo na magunia ya mtama. Miaka ikaenda. Figo za Marieta zikaanza kuchoka, akalazwa Bunda. Nilikuwepo, nimeshika chupa ya uji, alipomgeukia mumewe.

"Wale ng'ombe bado wako bondeni?"

Wambura akasema wapo.

"Basi siku ukipata nafasi unitoe pale."

Tulimzika Mugeta, Machi mwaka juzi.

Sasa ndiyo mumjue huyu bwana. Alienda Butiama akaibeba ile mashine mgongoni mpaka barabarani. Miezi minne anaifungua na kuifunga, anatoa mavi ya panya, anabadilisha nyaya. Diski yake inasaga kama mashine ya unga. Inawaka mara moja kati ya tano, na fundi aliyeiona amesema kilichomo hakihamishiki na mwaka haumalizi. Siku ilipowaka tulijikuta wote wanne tumesimama kwenye matope vilevile, Marieta amegeuka kijani kwa sumu, ng'ombe wake wamejipanga nyuma. Wambura akavua kofia.

Amechora bonde lote kwenye karatasi za fotokopi. Njia fupi kabisa mpaka kwa mganga ni hatua arobaini na moja. Aliandikia watu wa nchi za mbali mtandaoni, akajibiwa na mmoja tu: bila dawa hakuna njia, pole sana. Bado akawa anahesabu upya kila asubuhi kabla ya wateja, kana kwamba bonde lingepungua.

Jumapili iliyopita akaniambia twende tu, huenda kuna kitu hatukijui. Akabonyeza. Tano zikawa nne. Akabonyeza, zikawa tatu. Akabonyeza tena, mbili, akauweka mkono mapajani. Nikamwambia ni mimi niliyesema muuze dawa.

"Najua, mjomba," akasema. "Na mimi ndiye niliyebonyeza kuuza."

Akanyoosha mkono azime. Hapo ndipo damu ya kwetu iliponipanda. Nikamwambia toka kwenye kiti, waachie wanaume. Nikashika vitufe kwa vidole hivi hivi vyangu, nikampeleka mpwa wangu hatua ya kumi, ya ishirini, matope yanakauka mbele yake, ng'ombe wote kumi na wanne wanamfuata, tena sasa wameshazaa, ndama wanarukaruka, mpaka tukauona mlango wa mganga uko wazi, na Marieta akainua mguu kuvuka kizi—

"Mjomba." Wambura yuko nyuma yangu, anasoma begani haya ninayoandika. "Hukugusa hata kitufe kimoja. Tulizima. Zimebaki hatua mbili."