Bibi Mganga wa Barazani

Waingereza walipenda kutuambia kwamba wamekuja kumwinua mwanamke wa Kiafrika. Niliyasikia hayo shuleni, nikayasikia kanisani, nikayasikia tena kwenye hotuba za boma. Hakuna aliyetuambia mwanamke wao wenyewe walimwacha wapi. Mimi nilimkuta barazani, Iringa, katika miaka ya hamsini, amevaa aproni juu ya gauni la maua, anapima tumbo la mjamzito juu ya meza ya kulia chakula.

Alikuwa daktari kamili, aliyesoma kwao mpaka mwisho, na wilayani hapakuwa na mwanamke mwingine mwenye elimu ile. Serikali ilimleta yenyewe. Kisha akaolewa na bwana shamba, Mzungu mwenzake, na serikali ikamwachisha kazi, maana kwa taratibu zao mwanamke akishavaa pete anakuwa hafai tena. Eti hao ndio waliotuonea huruma sisi tunaoolewa kwa ng'ombe! Nafasi yake akapewa kijana mwenye masharubu membamba, ambaye wanawake wa Kihehe waliapa hatawagusa hata wakifa. Na kweli wengine walikufa.

Waliobaki wakawa wanakuja barazani. Wao ndio waliomwita Bibi Mganga. Yeye Kihehe hakukijua, na Kiswahili chake kilitosha kumwamrisha mpishi tu. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nikachukuliwa nimlelee mtoto wake. Haukupita mwezi, mtoto yuko mgongoni mwangu na mimi ndiye ninayewauliza wale akina mama: umezaa mara ngapi, wangapi wako hai, nani alikuzalisha. Maswali hayo huwezi kumuuliza mtu huku umemsimamia na kalamu. Unaanza na salamu yao, kamwene, unaulizia mahindi, unakaa naye mkekani mnachambua mboga, na jibu linakuja lenyewe. Hilo nililijua mimi. Yeye aliyaandika niliyomwambia katika madaftari makubwa, kwa miaka mitatu.

Sikuwa malaika, nilikuwa na langu. Nilitaka kwenda chuo cha ukunga, na chuo hakikumpokea msichana asiye na barua ya daktari. Nilibeba mtoto, nikafua nepi, nikauliza maswali, nikiisubiri barua hiyo.

Siku moja yule wa masharubu akaja kuazima madaftari, eti ayapitie. Baadaye kidogo ukaitishwa mkutano wa wakubwa wa afya huko Mbeya. Bwana shamba alikuwa na shughuli zake kule, mkewe akafuatana naye, nami nikachukuliwa kwa ajili ya mtoto. Nilisimama nje ya dirisha la ukumbi. Kijana akainuka, akakohoa, akaanza kusoma, na Kiingereza changu kidogo kilinitosha kutambua ninachosikia. Alikuwa anamsoma mama wa Ilula aliyekaa na uchungu siku nne, huku wakwe wamemzunguka wakimtaka aungame wanaume aliotembea nao ili mtoto atoke. Mama yule alinisimulia mimi, mkekani, akiwa ameshika mkono wangu. Huyu bwana asingeonyeshwa hata kisigino chake.

Wakapiga makofi. Mkubwa kutoka Dar es Salaam akampa mkono na kumwita mtangulizi katika fani yake. Halafu akawageukia wake za mabwana waliokaa nyuma, akawashukuru kwa keki. Bibi Mganga alitabasamu pamoja na wenzake. Tabasamu lile liliniudhi kuliko makofi.

Machozi aliyaweka mpaka njiani, karibu na Makambako, mumewe aliposhuka kubadili gurudumu.

"Wameniibia kazi yangu," aliniambia. "Jina langu halikutajwa hata mara moja."

"Na langu, Memsabu, liko wapi kwenye madaftari?"

Alinitazama kama vile gurudumu ndilo lililosema. "Lako? Wewe ulitafsiri tu."

Nyani haoni kundule. Huruma yote niliyokuwa nayo juu yake ilinitoka palepale.

Kesho yake niliomba barua. Akaniandikia haraka: mwaminifu, msafi, anapenda watoto. Niliisoma mbele yake nikairudisha mezani. Nilimwambia barua ile itanipatia sufuria za kuosha, siyo ukunga, na kwamba aandike kazi niliyofanya. Akawa mwekundu, akasema nimekuwa jeuri. Nikabaki nimesimama. Mwisho akavuta kiti, akaandika asubuhi nzima, na hapa nitamtendea haki: hakuficha kitu. Aliandika mkeka, aliandika maswali, aliandika kwamba habari za mama wa Ilula nilizipata mimi na yeye akazinakili. Chini akaweka jina alilozaliwa nalo, na shahada yake.

Kisha akaitazama sahihi yake kwa muda mrefu. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba haitasaidia kitu. Chuo kilitaka sahihi ya daktari aliyemo kwenye orodha ya serikali, na yeye kwenye orodha alikuwa mke wa bwana shamba.

Nikaipeleka hospitali mwenyewe, kwa daktari pekee wa wilaya aliyekuwamo kwenye orodha hiyo. Yule wa masharubu alikuwa anakunywa chai. Alifunua moja kwa moja mpaka ukurasa wa mwisho, akachukua rula, akalikata jina la Bibi Mganga kwa mstari ulionyooka vizuri, akasaini pembeni na kugonga muhuri. Kurasa za mwanzo hakuzitupia hata jicho, maana ziliandikwa na mwanamke na zilimhusu yaya. Angezisoma, angeichana barua ile, na mimi ningezeeka nikifua nepi.