Alimwuliza Kaka Yangu

Mguu wangu wa kushoto ulikauka kwa polio nikiwa mdogo, natembea kwa magongo. Mikono yangu haina tatizo. Nilijifunza ushonaji mjini Mugumu, na kwa miaka mingi nimeshona sare na magauni ya harusi hapa Natta.

Kambi moja ya watalii ilipotafuta fundi wa mashuka, mapazia na mahema, nilipeleka maombi. Siku ya usaili kaka yangu alinipeleka kwa pikipiki. Msimamizi wa kambi alinipita kwa macho, akamgeukia yeye.

"Huyu anaweza kukaa kutwa nzima?"

Kaka akababaika. "Si umwulize mwenyewe? Yuko hapa."

Hakuniuliza. Alisema cherehani zao zinataka miguu miwili. Nilikuwa naiona mojawapo pale dirishani, ya umeme, ina pedali moja ndogo ya kukanyaga kwa mguu mmoja.

"Naomba nishone mstari mmoja tu, uone," nilimwambia.

Akasema anatuonea huruma, tuache namba ya simu. Akampa kaka soda. Mimi hakunipa, labda alidhani hata kiu yangu iko kwa kaka.

Nyumbani mama alinisihi niyaache. Nilimjibu kwa ukali kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kushukuru kwa kila nilichonyimwa. Aligeuka, akaingia jikoni. Maneno yale nayajutia mpaka leo, ingawa hayakuwa uongo.

Miezi michache baadaye nilipigiwa simu. Kulikuwa na mkutano wa kuwahamasisha waajiri wawaajiri watu wenye ulemavu, na waandaaji walitaka nitoe neno la shukrani kwa niaba ya walemavu wa hapa. Nilipofika nikakuta ukumbi una ngazi tisa, bila hata chuma cha kushikia. Mkutano wa walemavu! Wanaume wawili wakaja kunibeba. Niliwaambia wasiniguse. Nikapanda kwa makalio, ngazi moja moja, gauni langu jipya likifagia vumbi.

Ndani, yule msimamizi alikuwa amesimama anaeleza kwamba kambi yao haimbagui mtu.

Zamu yangu ilipofika, niliikunja karatasi waliyoniandikia. "Shikamooni wazee. Leo sina shukrani," nikasema, na nikaeleza yote, hadi soda. Mwendesha mkutano akanyoosha mkono achukue kipaza sauti. Mama mmoja mzee akapaza sauti kutoka nyuma, "Mwache aseme!"

Msimamizi akasema nilimwelewa vibaya.

"Basi niulize sasa. Mimi, siyo kaka."

Alikohoa. "Unaweza kukaa kutwa nzima?"

"Naweza. Nisichoweza ni hizo ngazi zenu."

Wiki iliyofuata waliniita kwa majaribio. Nilishona hema lililochanika na pazia moja, wakanipa kazi. Huu ni mwaka wa pili. Wageni wakubwa wakija, huwa wanaletwa mlangoni pa chumba ninachoshonea kunitazama, na msimamizi hutabasamu.

Mwezi uliopita dada mmoja kiziwi, fundi hodari kuliko mimi, aliomba nafasi ya pili ya ushonaji. Walimkatalia. Nilikwenda ofisini kuuliza sababu.

"Tayari tunaye mmoja," msimamizi alinijibu.

Mmoja! Kana kwamba mimi ni ndoo ya kuzimia moto, ikishatundikwa ukutani basi. Jumatatu tulikwenda pamoja, mimi na yule dada, tukakaa mlangoni pa ofisi ya msimamizi na cherehani yangu ya nyumbani juu ya meza. Tulimwandikia msimamizi kwenye karatasi, ili dada naye asome: mpe kitambaa.

Aliisoma karatasi mara mbili. Halafu akaenda kutafuta kitambaa.