Nta ya Baba kwenye Kigari Changu

Mpaka leo sipendi harufu ya nta. Mtu akiwasha mshumaa wa nta ya nyuki, mimi natoka nje.

Nilikuwa na miaka kumi tulipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu Ipole. Lori lilibeba vyungu, majembe na kuku, na sisi juu yake. Baba, mrina asali tangu ujanani, aliacha mizinga yake yote msituni. Alichobeba ni donge la nta, kubwa kama ngumi mbili, amelifunga kwenye kaniki. Mzinga mpya hupakwa nta ya zamani ndani, ili nyuki wanaotafuta makao wainuse na kuingia. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amempa msimu mmoja tu: nyuki wasipoingia, atalima tumbaku kama wenzake. Baba aliichukia tumbaku. Aliamini moshi wa bani la kuikaushia ndio uliomuua kaka yake.

Siku zile watoto tulikuwa na wazimu wa vigari. Unachonga mninga, unatia magurudumu manne kwenye ekseli za vijiti, unakiachia juu ya mteremko wa kisimani bila kukisukuma. Mimi, msichana pekee, nilikuwa wa mwisho kila jioni, wakaniita Konokono. Iliniuma sana. Nikachonga kingine, chembamba mbele, na nyuma nikapigilia kipande cha chuma kukiongezea uzito. Bado magurudumu yalikwaruza. Nikakumbuka Baba hupaka nta kwenye msumeno wake ili uteleze.

Nikakata kidogo kwenye donge lake, nikapaka ekseli. Nta ikashika mchanga, nikaikwangua, nikakata nyingine. Hivyo hivyo kila siku. Wiki nzima hakuna aliyenishinda, na sijawahi kujiona mtu kama wiki ile.

Baba alipofungua kaniki alikuta kipande kama ukucha. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alipaka kile kidogo kwenye mizinga mitatu kati ya kumi na miwili aliyochonga, akaitundika yote mitini, akangoja.

Miti ikachanua. Asubuhi moja nilimkuta amechuchumaa mlangoni, anakitazama kigari changu nilichokuwa nimekitelekeza juani. Nyuki watano au sita walikuwa wakikizunguka, wakitua kwenye ekseli, wakichungulia matundu ya magurudumu. Mtoto wa mrina haambiwi: hao walikuwa wametumwa kutafuta nyumba.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Usisogee, mama," alininong'oneza. "Wametoka mbali hawa."

Tuliwatazama mpaka jua likawa kali. Kisha mmoja mmoja wakaruka, wakapotea ng'ambo ya kisima.

"Hapa pana harufu tu," Baba alisema. "Pa kukaa hapana." Nadhani alikuwa akiwaomba radhi. Nilitaka kumwomba yeye radhi, nikaishia kuokota kigari na kukiondoa juani.

Msimu ule hawakuingia mzinga hata mmoja. Baba akaenda kwa mwenyekiti kuchukua mbegu za tumbaku. Mizinga aliishusha mwenyewe, akaipasua kwa shoka kuwa kuni za bani, na kazi ya kuchochea moto akanipa mimi.