Mulei na Nyumba Zilizokataliwa

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua sweta, Mulei Ndolo aliiagiza kompyuta ipange majina upya. Umeme wa Mwingi ulikuwa ukikatika bila kuaga, na kila ulipokatika, mpangilio wa majina uliharibika. Ukimtafuta mtu wa Migwani, mashine ilikuletea wa Kwa Vonza, au ilikuambia hayupo kabisa. Kwa hiyo Mulei aliandika amri yake moja, akajimiminia chai kutoka kwenye chupa aliyotoka nayo nyumbani, akaketi kutazama nambari zikipanda polepole kwenye kioo cheusi. Alikuwa mtu wa miaka arubaini na kitu, lakini asubuhi hizo alionekana kama mtu aliyekwisha kufanya kazi ya siku nzima.

Ofisi ilikuwa ya shirika moja la kanisa, lililogawa mwolyo, yaani chakula cha msaada, katika miaka ile ya tisini mvua ilipokosekana. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu bila kupata kazi, nikachukuliwa kuingiza majina. Mulei ndiye aliyeiunda databesi yenyewe, hazina ya majina ya nyumba zote zilizostahili chakula, nani mume, nani mke, watoto wangapi. Hakuwa amesomea kazi hiyo popote. Zamani alikuwa karani kwenye kiwanda cha pamba huko Makueni. Kiwanda kilipofungwa alikuja Mwingi, akakuta kompyuta iliyoletwa na wafadhili ikiwa imefunikwa leso, pamoja na kitabu chake kinene, akajifunza kwa kukosea.

Mara moja tu alikuwa amefundishwa. Mwaka uliotangulia shirika lilimpeleka Nairobi, kwenye mkutano wa waandishi wa programu za kompyuta. Habari za mkutano huo alinisimulia vipandevipande, kama mtu anayetoa peremende mfukoni. Watu walisimama mbele mmoja mmoja, wakaonyesha jinsi walivyotatua matatizo yao, na wenzao wakawauliza maswali bila kuoneana haya. Mulei hakuwa amewahi kukaa katika chumba chenye watu wengi wanaofanya kazi yake. Mzungumzaji mmoja alisema neno ambalo Mulei alirudi nalo Mwingi: usingoje kusafisha taarifa zikiwa zimeshaingia, zikague mlangoni, na jambo lisilowezekana lisipite.

Aliporudi aliandika sheria zake. Mtoto asimzidi mama yake umri. Tarehe ya kuzaliwa isiwe ya mwaka ambao haujafika. Mume awe mwanamume, mke awe mwanamke. Fomu yoyote iliyovunja sheria ilikataliwa na kuwekwa kwenye faili la makosa, na faili hilo Mulei alilipitia akitikisa kichwa kwa uzembe wa makarani wa vijijini. Kazi ilinyooka. Aliwaandikia wenye mkutano kuwaeleza, nao wakajibu: mwaka huu aje yeye mwenyewe asimame mbele, apewe nusu saa.

Wiki hizo nilimsikia mara kadhaa akijaribu hotuba yake akidhani nimetoka. "Mabibi na mabwana, natoka Mwingi." Kisha akaanza tena.

Mkutano ulikuwa uanze Alhamisi. Siku hiyohiyo chakula kingegawiwa Migwani. Jumatano mchana Mulei alikuwa aondoke kwa lori la Abdulkadir, jirani yetu aliyesafirisha mbuzi hadi Nairobi. Kadi za chakula tulikuwa tumemaliza kuzichapisha, na Mulei alikuwa amevaa koti la shemeji yake tangu asubuhi ingawa jua lilikuwa kali.

Ndipo wakaingia wanawake wawili kutoka upande wa Migwani. Mmoja alikuwa mzee aliyeshika fimbo. Wa pili alikuwa na umri wa kama miaka thelathini, na mtoto mgongoni. Walikuwa wameambiwa na chifu wao kwamba hawana kadi.

"Jina lako, mwaitu?" Mulei alimwuliza yule mzee, akimwita mama kwa Kikamba.

"Muthoki wa Mbuvi. Na huyu ni Mutindi, mke wangu."

Mulei alikwisha kuanza kuandika. Vidole vikasimama.

Kwetu Ukambani, mwanamke asiyejaliwa mtoto anaweza kutoa mahari, akamwoa mwanamke mwenziwe ili amzalie watoto watakaolibeba jina la nyumba. Mke huyo huitwa iweto. Kanisani nyumba hizo hazitajwi, lakini hakuna asiyejua zilipo. Mulei alizijua tangu utotoni. Ila alipoandika sheria yake alikuwa akimfikiria karani mzembe, hakuwa akimfikiria Muthoki.

"Mashine haikubali mume wa kike, mwaitu," alisema polepole.

"Hii televisheni yako?" Muthoki aliinyooshea fimbo. "Wakati ninatoa mbuzi ilikuwa wapi? Wazee walikula wakamaliza, hawakunirudishia hata mkia. Leo ndiyo inakumbuka kukataa?"

Nje honi ya lori ililia. "Profesa!" Abdulkadir aliita kutoka barabarani. "Nairobi haitakuja Mwingi kukuchukua!"

"Ngoja kidogo!"

"Kidogo cha Mkamba, au kidogo cha saa?"

Mulei alijifuta jasho kwa mkono wa koti. "Mwaitu, tufanye hivi. Nikuandike mjane, na Mutindi nimwandike binti yako. Kadi itatoka sasa hivi."

"Binti yangu?" Muthoki alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Kama ningekuwa na binti, huyu ningemwoa wa nini?"

Mutindi alimpangusa mtoto kamasi. "Na watoto wangu wanne wataandikwa wapi?" aliuliza.

Jibu Mulei alilijua, maana hata hilo aliliandika yeye: watoto wa binti huhesabiwa katika nyumba ya baba yao. Chakula kilipimwa kwa idadi ya watoto. Kadi ya Muthoki ingetoka, na wale wanne wa Mutindi wangebaki hewani.

"Jana tulichemsha mbegu tulizoweka za kupanda," Mutindi alisema. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayeeleza njia aliyopita.

Mulei akafungua faili la makosa. Nilisimama nyuma yake, nikaiona mistari ikipanda: mume wa kike, mke wa kike, Migwani. Mume wa kike, mke wa kike, Migwani tena. Halafu Kwa Vonza. Ilikuwa mistari ileile aliyokuwa akiipitia siku zote akitikisa kichwa. Aliitazama mpaka ikaisha, kisha akavua koti na kulitundika kwenye msumari.

Abdulkadir alikuwa amekwisha kuingia, funguo mkononi. "Bwana Mulei, mbuzi wangu wanasimama juani. Unakuja au huji?"

"Nenda."

"Niende? Na hotuba uliyotuimbia mwezi mzima, hata mbuzi wanaijua?"

"Basi wakaisome wao. Mimi siendi, Abdulkadir."

Abdulkadir alitutazama sote kwa zamu, akaona fimbo, akaona mtoto, akaona kioo. Hakutania tena. "Nikuletee nini kutoka Nairobi?"

"Hakuna kitu."

Kufuta sheria moja si kufuta mstari mmoja. Sehemu nyingine za programu zilikuwa zimeiegemea: palipotafutwa mama wa watoto, palipopimwa mahindi. Mulei aliondoa, akajaribu, ikakwama, akarudi mwanzo. Mara moja umeme ulikatika, na sote tukaketi tukiisikiliza feni ikizimika. Uliporudi alianza upya, mabega yameanguka. Nilimsomea fomu zilizokataliwa, naye akaziingiza moja baada ya nyingine. Kwenye benchi, Muthoki alikuwa amelala, kichwa begani kwa mkewe.

Mashine ya kuchapisha ilianza kukwaruza jua likielekea kushuka. Mulei alikata kadi kwa rula, akampa Muthoki kwa mikono miwili. Muthoki hakujua kusoma. Akampa Mutindi, naye akasoma kwa sauti: "Mume, Muthoki Mbuvi. Mke, Mutindi Muthoki. Watoto, wanne."

"Haya," Muthoki alisema akiinuka. Aliitazama kompyuta. "Kumbe inafundishika."

Kesho yake nilikwenda Migwani na orodha mpya. Nyumba zile zilipata mahindi na maharagwe kama nyumba nyingine. Muthoki alitangulia na fimbo yake, Mutindi akafuata na gunia kichwani, na hakuna aliyewatazama mara mbili. Mulei hakuja. Alibaki ofisini, maana tulikuwa na maeneo mengine ya kuyapitia, na kila eneo lilikuwa na faili lake la makosa.

Wenye mkutano walimpa mtu mwingine ile nusu saa. Mwaka uliofuata hawakumwandikia, wala ule uliofuata huo. Kwa muda mrefu nilimwona akiharakisha kufungua barua kila mfuko wa posta ulipofika, baadaye akaacha kuharakisha. Hakuwahi kumlaumu mtu. Alizidi tu kuchoka, kama ukuta unaofifia rangi.

Nilikaa naye ofisi moja muda wote huo bila kumwuliza lolote, maana mimi si mwepesi wa kuuliza. Siku niliyokuwa naondoka kwenda kufundisha Kitui mjini, nikiwa nimeshafunga mizigo, ndipo nilipothubutu.

"Bwana Mulei, kama ungekwenda kwenye ule mkutano, ungewaambia nini?"

Hakuondoa macho kwenye kioo.

"Ningewaambia sheria zangu zinafanya kazi vizuri," alisema. "Nao wangekwenda kuziandika kwao."