Injini Iliyonuka Nyonyo

Juzi pale Buswelu mama mmoja alifungua chupa ya mafuta ya nyonyo, na harufu ikanirudisha Kirumba, kwenye karakana ya baba ya injini za mitumbwi.

Nikiwa mtoto, ndani ya robota la mitumba la mama yangu ilitokea injini kuukuu ya ndege ya kuchezea, ndogo kama ngumi, ina hadi valvu. Baba aliunga plagi yake na betri ya tochi, akaijaza petroli yenye oili, kama injini za wavuvi. Ikagoma.

“Mwanangu, hii tumpe mzee wa chuma chakavu.”

“Hapana, baba. Inuse. Inanuka nyonyo ya bibi.”

Fundi mmoja akacheka. “Basi mpelekee bibi aisuke nywele.”

Sikubanduka. Niliamini injini nayo ina bibi yake aliyekuwa akiipaka. Nikachanganya nyonyo na spiriti ya kuwashia karabai, nikazungusha pangaboi lake mpaka kidole kikavimba. Leo najua nyonyo ilikuwa ya kulainisha tu. Kilichoungua ni spiriti. Ilikohoa, ikanguruma kidogo, ikazima.

Fundi akasogea, akainusa. Mzee wa chuma alipofika, baba alininyooshea kidole. “Muulize mwenyewe.”

“Shikamoo,” nikamwambia. “Hii haiuzwi.”