Mchele wa Bibi Angani

Juzi, stendi ya Iringa, dereva wa bajaji alimwomba mama mwenye mfuko wa mchele ahamie upande wa pili ili bajaji isilale. Nikamkumbuka rubani.

Nilikuwa mdogo. Bibi nami tulikaa nyuma kabisa ya ndege ndogo iliyotutoa Mbeya, mchele mpya wa Madibira ukinukia miguuni petu. Juu ya mawingu, pua ya ndege ilianza kuinuka yenyewe. Rubani aliusukuma usukani kwa mikono miwili, jasho likimtoka.

"Bibi, njoo mbele na mzigo wako. Haraka!"

"Tangu uwanjani anautolea macho mchele wangu," bibi alininong'oneza. Tulisogea, lakini bibi aliufunga mdomo wa mfuko kwenye pindo la kanga yake. Mimi nilimkodolea rubani macho mpaka tukatua.

Mikono ilimtetemeka hata mkanda ukamshinda kufungua.

"Unaona?" alisema bibi. "Mwizi huyo."

Leo najua mtambo wa kuongozea ndege ulikuwa umekwama, na uzito wetu kule mbele ndio uliomsaidia kuishusha ile pua. Siku ile, rubani alipoinama ili atubebee mchele, bibi alimpokonya. Tukaondoka bila hata kumwambia asante.