Wifi Yangu Loata na Magunia ya Nama

Kaka yangu Apakuki alipotuletea Loata, tulisema huyu hatoboi mwaka. Kwao ni Naitasiri, milimani kabisa, ambako kitoweo hutoka mtoni. Alisomea ualimu Suva, akapangiwa sekondari yetu kufundisha sayansi, na hapo ndipo alipompata kaka yangu, mtu ambaye hakuwa akitafutwa na yeyote.

Kwetu visiwani Yasawa, mke asiyeshuka mwambani na wenzake kuchuma nama, mwani wetu wa kuliwa, ni mgeni, hata azae watoto saba. Loata alilijua hilo, akaomba. Bibi Titilia, mkubwa wa wachumaji, akamkubalia Ijumaa moja baada ya masomo. Akachuma taratibu mno, vishada vya ule mwani vikimteleza vidoleni kama zabibu changa.

"Wifi, unaichuma au unasalimiana nayo?" nikamuuliza.

"Nasalimiana nayo. Si nyie mmekataa kunitambulisha?"

Tukampenda kidogo. Jioni tuliacha magunia kwake, maana nyumba yao iko karibu na gati na boti ya kwenda sokoni Lautoka huondoka alfajiri. Loata akaona nama ina mchanga. Akafungulia bomba la tangi la mvua, akasuuza gunia baada ya gunia, akaenda kulala na moyo mweupe.

Alfajiri tulikuta uji wa kijani. Vishada vimesinyaa vyote, vinachuruzika maji. Bibi Titilia hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Rudi mtoni kwenu ukavue kamba," alisema. "Mwambani usikanyage tena."

Wengine walishapitisha hukumu: huyu anatuona wachafu, mpaka mwani wetu auoshe. Hilo ndilo lililomuuma Loata kuliko kufukuzwa.

Jumatatu nilipeleka mihogo ya chakula cha mchana shuleni, nikamsikia darasani, nikasimama dirishani. Wiki nzima iliyotangulia alikuwa amewachorea seli ubaoni: ukuta wa nje, utando ndani yake, ute, kiini. Watoto waliimba majina kama kwaya bila kujua wanachoimba. Siku hiyo aliweka mezani bilauri mbili, moja ya maji ya bahari, nyingine ya maji ya tangi, akatumbukiza nama katika kila moja.

"Huu mwani mzima, na vishada vyake na vinyuzi vinavyoshika mwamba, ni seli moja."

"Mwalimu, ulisema seli hazionekani bila hadubini!"

"Nilisema nyingi hazionekani. Mwili wako umejaa seli ndogondogo, karibu kila moja ni chumba chenye kiini chake. Nama ni jumba moja lisilo na vyumba, viini chungu nzima vinaishi humo humo."

"Kama kwa kina Sakiusa, wote chumba kimoja!" mmoja akapayuka akimnyooshea mwenzake kidole, darasa likaangua kicheko.

"Haya, kama kwa kina Sakiusa. Sasa ndani ya nama mna chumvi. Maji ya mvua hupenya utando yakikimbilia palipo na chumvi nyingi. Yanaingia, yanaingia, mpaka utando unapasuka na vya ndani vinamwagika." Akainua bilauri ya maji ya tangi, kishada kilikuwa kimeanza kulegea. "Hivi ndivyo nilivyoua nama ya mama zenu. Sikujua mpaka nilipofungua vitabu Jumamosi. Kwetu kila kitu tunaosha kwa maji ya mto."

Watoto hawana kifua. Kabla ya jua kuzama kijiji kizima kilishajua seli ni nini, na Bibi Titilia akaja nyumbani kwa Apakuki, akaketi mkekani karibu na mlango, akamgeukia Loata.

"Kumbe ulikuwa hujui."

"Sikujua, Bibi. Nilitaka msifiwe sokoni."

"Mimi nilidhani unatudharau. Kama ni ujinga tu, tutakufundisha. Lakini niambie. Kama ni seli moja, mbona tukikata tawi, shina halimwagiki likafa?"

"Ute huganda palipokatwa, ukaziba, kama damu kwenye kidonda. Halafu linachipua."

"Basi Ijumaa uje uwaambie hao wasichana wanaong'oa mpaka shina. Mimi nimewafokea mpaka koo limekauka."

Ijumaa Loata alishuka nasi. Bibi alimweka ubavuni pake, akamwonyesha kukata tawi kwa ukucha bila kugusa shina. Mimi mzaliwa wa hapa nikasukumwa pembeni.

"Wifi, umeniibia nafasi yangu," nikamwambia.

"Sogea huko," akanijibu bila kuinua kichwa, "unanikanyagia seli."